Mkuu Wetu na Cheti cha Gurey

Mkuu wetu wa shule hakuwahi kunikaribisha ofisini mwake. Ofisi alikuwa nayo, yenye meza, kabati na feni iliyozunguka ikipenda, lakini yeye alikaa langoni. Kila asubuhi alibeba kiti cha plastiki, akakiweka upande ambao kivuli cha tangi la maji kingemfikia jua likipanda, na shughuli zote za shule zikafanyikia hapo. Wazazi walimkuta hapo, wakaguzi walimkuta hapo, muuza kuni alimkuta hapo, na walimu wenye malalamiko pia. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye malalamiko. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba shule ya upili ya wasichana haiendeshwi kama duka. Alinijibu kwamba mwenye duka huona nani anaingia na nani anatoka, na kwamba angefurahi sana kama shule zote zingekuwa na bahati hiyo.

Mimi ni mtu wa Mwingi na somo langu ni Kiswahili. Nilipopangiwa shule ile ya upande wa Habaswein, huko Wajir, niliwaahidi watu wa nyumbani kwamba ningekaa mwaka mmoja, kisha niombe uhamisho. Nilibeba shuka mbili tu, ili kujikumbusha. Nilimweleza Mkuu mpango wangu siku ile ile ya kwanza, maana sipendi kumficha mtu jambo. Hakukasirika.

"Mwaka moja ni mzuri," alisema. "Kunywa chai kwanza, mwalimu. Halafu wende bole bole ukaone darasa."

Kiswahili chake kilikuwa hivyo. P ikageuka b, v ikageuka f, na ngeli alizitupa popote zilipoangukia. Miezi ya mwanzo kila alipofungua mdomo mkono wangu ulitafuta kalamu nyekundu. Kisha nikagundua kwamba wasichana waliokuwa wakisinzia kwenye vipindi vyangu vyenye sarufi safi walikuwa macho kabisa akihutubia yeye. Iliniuma, nasema kweli.

Wageni walidhani mtu yule alizaliwa akiwa mkuu wa shule. La. Alianza kama mwalimu asiye na mafunzo, huko karibu na Tarbaj, katika darasa lililohama. Familia zilipofuata malisho, darasa liliwafuata, ubao ukafungwa juu ya ngamia pamoja na vyungu na mikeka. Alituambia kwamba ngamia yule alijifanya mgonjwa kila alipouona ubao. Baadaye alikwenda chuo, akafundisha Mandera, akaongeza stashahada, akawa naibu huko Garissa, ndipo akaletwa kwetu. Shahada aliisomea likizoni akiwa na mvi tayari. Darasani huko chuo kikuu alikaa dawati moja na msichana aliyewahi kumfundisha kidato cha kwanza, na matokeo yalipotoka msichana alikuwa amemshinda. Mtu mwingine angelificha jambo hilo. Yeye alilitangaza kwenye gwaride la Jumatatu, akaliita matokeo bora kuliko yote aliyowahi kupata.

Muhula ulipofunguliwa ndipo hasa ulipomjua. Mvua ikinyesha mahali, familia zilihama kuifuata, na wasichana wakaenda nazo. Sisi wengine tuliwaandika watoro. Yeye alipanda lori la maji, akakaa mbele na dereva, akazunguka kisima hadi kisima akiuliza familia ya fulani imeelekea wapi. Hakuhubiri faida za elimu. Alikaa, akanywa maziwa, akasikiliza habari za mvua na za mifugo iliyokufa, na alipokuwa akiaga ndipo aliposema, kana kwamba amekumbuka, kwamba lori lina nafasi. Mara nyingi alirudi na wasichana watatu wanne wamejaa vumbi, kila mmoja na mfuko wake.

Safari moja alirudi na msichana asiyekuwa wetu. Alimkuta kisimani, akamuuliza kama ni wa shule, binti akasema ndiyo, akamwambia apande. Shule aliyokuwa anaisema ilikuwa nyingine kabisa. Binti alikula na kulala kwetu, akaingia darasani, hata akajiunga na timu ya voliboli, mpaka mkuu wa shule yake alipokuja langoni akiwa amenuna. Wakuu hao wawili walibishana mpaka birika likaisha. Binti alirudishwa kwao akilia, na sisi tukapoteza mchezaji mzuri.

Lakini msinielewe vibaya, mtu huyu hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi. Alichukia mikutano na kuimaliza kabla ya ajenda. Miaka ile ya mashambulizi, walimu wengi wa kutoka bara walipoondoka kwa kuhofia usalama wao, hakumsihi hata mmoja abaki. Aliwapeleka kituo cha basi mwenyewe, akawanunulia maji ya njiani, kisha akarudi kufundisha Biolojia na Historia, na akawaweka wasichana waliomaliza kidato cha nne wafundishe wadogo zao. Mimi nilibaki. Nikiulizwa sababu husema ni uvivu wa kufunga mizigo, na wakati huo shuka zilikuwa zimeshakuwa sita.

Jambo lililomchoma zaidi hakuligusa kwa maneno. Yeye aliyewatoa mabinti wa watu visimani alikuwa na binti wa kwake aliyeacha shule kidato cha pili na kukataa katakata kurudi. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia mjini, mwanamke wa sauti kubwa na mwenye bidhaa safi. Nilimsikia siku moja akimwambia baba yake mbele ya wateja, "Aabo, wewe umechukua wasichana wote ya Wajir. Moja acha abaki na maziwa." Mkuu alicheka na kulipia kikombe chake. Njiani kurudi alizungumzia mvua tu mpaka tulipofika langoni.

Sasa nije kwenye habari ya cheti. Ili mtu wa mbali anielewe, sharti kwanza aelewe majina ya Wasomali wa huku. Mtu ana jina lake, la baba na la babu, lakini hayo ni ya serikali na ya kaburini. Kila siku anaitwa kwa jina la utani, na mara nyingi limetokana na mwili wake: mrefu, kilema, mwenye masikio, mwenye pengo. Huitwa hivyo mbele ya uso wake na anaitika. Mwanzoni nilishtuka. Kwetu ukimwita kilema Kilema utapigwa. Hapa unaweza kumjua jirani maisha yako yote na usijue jina jingine. Mkuu wetu alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo tangu utoto alikuwa Gurey, yaani wa kushoto. Sisi wa kuja hatukulijua jina hilo, na wanafunzi walimwita adeer, baba mdogo, kwa heshima.

Ikiwa imebaki miezi michache astaafu, amri ilitoka kwamba watumishi wote wa umma wapeleke vyeti vyao vihakikiwe. Mkuu alivipanga katika bahasha, tukaenda Garissa pamoja kwa kuwa na mimi nilikuwa na vyangu. Aliyetupokea alikuwa kijana wa bara, mwenye adabu na miwani. Alivifungua vya Mkuu kimoja kimoja. Shahada sawa, stashahada sawa, sekondari sawa. Alipofika kwenye cheti cha shule ya msingi alisimama. Kilikuwa na jina Gurey na jina la baba. Vingine vyote vilikuwa na jina lake kamili.

"Mzee, hiki ni cha mtu mwingine," alisema.

"Ni changu," Mkuu akasema. "Majina yote ni yangu."

Kijana alieleza kwa upole, na upole wake ulinitisha zaidi. Bila ushahidi kwamba Gurey na Mkuu ni mtu mmoja, faili ingepelekwa kwa wapelelezi. Ingehesabiwa kwamba aliingia sekondari kwa cheti cha mtu, na yote yaliyofuata, chuo, kazi, cheo, yangekuwa yamejengwa juu ya wizi. Miaka yake yote ya ualimu ingefutwa kabla hajatoka langoni.

Niliamini angepigana. Aliyewahi kumfuata mwanafunzi mmoja hadi karibu na mpaka angeshindwaje kutafuta mashahidi wa jina lake mwenyewe? Lakini tuliporudi shuleni alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikibeba kiti cha plastiki, akaingia ofisini, akafunga mlango. Siku ya kwanza nilidhani ana homa. Siku zilizofuata wazazi walifika langoni, wakatazama mahali pake palipo tupu, wakaondoka bila kuuliza kitu. Sokoni maneno yalishaanza kwamba mkuu wa shule alinunua vyeti. Niliingia ofisini bila kubisha.

"Mkuu, twende tuwatafute uliosoma nao."

"Nimetafuta watoto ya watu maisha yangu yote," alisema. "Mimi si mtoto. Sijabotea."

"Umepotea," nikamjibu. "Uko ofisini."

Alinipa majina matatu. Mmoja aliziba pancha na kuuza matairi Habaswein. Wa pili alifanya kazi ya kupitisha mizigo huko Liboi, mpakani. Wa tatu alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa. Wote waliketi darasa moja na Gurey. Wa matairi nilimwendea mwenyewe, wa Liboi nilimpata kwa simu, na dalali simu yake haikupatikana, nikamwachia ujumbe kwa mchunga wake.

Hapo ndipo mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilipotaka kuwa wakili. Niliona aibu wazee hao waingie ofisi ya serikali wakisema Gurey, Gurey. Wale wawili niliwafundisha jina kamili la Mkuu, matatu yote kwa mpangilio, nikawakaririsha. Niliwasisitizia kwamba wakiulizwa huyu ni nani, waseme jina la serikali na si lingine. Waliniitikia vizuri. Laiti ningejua.

Siku ya mahojiano tulikaa kwenye benchi la ukumbini, Mkuu katikati, amevaa koti lake la mahafali. Mtu wa matairi aliitwa kwanza, mlango ukabaki wazi kwa sababu ya joto, na sisi tukasikia kila kitu. Alilitaja jina kamili bila kusita, mara mbili, hata bila kuulizwa mara ya pili. Kijana wa miwani akaandika.

"Vizuri. Na huyu Gurey ni nani?"

Nilimwona mtu wa matairi akinyoosha mgongo. Alikuwa anakumbuka mafunzo yangu.

"Gurey simjui," akasema.

Mtu wa Liboi akaingia, naye akasema vilevile, tena kwa kuapa. Mashahidi wetu wawili walikuwa wametoa ushahidi kwamba hawamjui mtu aliyeandikwa kwenye cheti. Nilitaka kuingia nieleze, askari wa mlangoni akanionyesha benchi. Mkuu hakuniangalia. Alikuwa ameshika magoti yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa mzee. Nilimhurumia, na nilijichukia.

Ndipo dalali akafika. Alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, fimbo mkononi, shati limeingia jasho, na hakuna aliyekuwa amemkaririsha lolote. Alimpita askari kama mtu anayepita ng'ombe, akasimama mbele ya benchi.

"Warya, wewe Gurey," alisema kwa sauti ya soko, "ngamia zangu ziko kwa jua sababu yako. Nani anakusumbua?"

Kijana wa miwani alinyanyuka, akaja mlangoni. "Mzee, unamwita nani?"

"Huyu."

"Huyu ndiye Gurey?"

"Sasa nimwite nani ingine?"

"Jina lake kamili ni nani?"

Dalali alifikiri. Alimtazama Mkuu, akamtazama kijana, akamgeukia tena Mkuu na kumuuliza kwa Kisomali, kwa sauti ya chini ambayo hata mimi niliielewa, jina lako ni nani. Mkuu alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yakitetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Askari akaanza, kijana wa miwani akavua miwani, na mimi nikacheka mpaka nikaumwa mbavu, kwa woga uliokuwa unanitoka.

Dalali peke yake hakucheka. Alitaka kurudi kwa ngamia wake. Akaeleza kwamba siku walipoandikishwa mtihani Gurey hakuwapo, alikuwa amepeleka ngamia wa baba yake majini. Mwalimu wao, mtu wa bara kama mimi, aliuliza ni nani hayupo, na darasa zima likajibu Gurey, kwa kuwa hakuna aliyejua jina jingine. Mwalimu akaandika alichosikia.

"Mimi ndio nilisema kwa nguvu kushinda wote," dalali akamalizia. "Kama kuna kosa, andika mimi."

Mtu wa matairi aliitwa tena, akaulizwa kwa nini alisema hamjui Gurey. Alininyooshea kidole. "Mwalimu alikataza," akasema. Nilikubali mbele ya wote, na kijana akaandika hilo pia. Kisha alimpa Mkuu kalamu aweke sahihi kwenye maelezo yake. Mkuu akaipokea kwa mkono wa kushoto, na kijana akautazama mkono ule kwa muda, akatikisa kichwa.

Walitwambia twende kwa wakili tuape kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kisha tusubiri. Tulisubiri. Jibu lilipofika, kwamba vyeti vyote vimekubaliwa na faili imefungwa, nilikuwa darasani nikifundisha ushairi. Nilitoka katikati ya ubeti. Mkuu alikuwa ameshaarifiwa na alikuwa anavuka uwanja na kiti chake cha plastiki kichwani, akielekea langoni, na wasichana waliomwona dirishani wakaanza kupiga meza. Sikuwahi kufurahia kelele shuleni kama nilivyozifurahia hizo. Alhamdulillahi, nilisema, mimi mtu wa kanisa, na hakuna aliyenishangaa.

Alistaafu kwa amani. Walimtolea hotuba ndefu na yeye akazikatiza. Baadaye mimi ndiye niliyeachiwa shule, jambo ambalo watu wa Mwingi hawajanisamehe.

Juzi nilipita Habaswein nikitoka mkutanoni Garissa, nikamkuta nje ya duka la matairi, amekaa juu ya gurudumu la lori, anakunywa chai na rafiki yake. Amekonda kidogo lakini macho ni yale yale. Alinitengea nafasi kwenye gurudumu. Tulizungumza habari za shule, za mvua, za mwalimu mpya wa Hisabati anayetaka uhamisho baada ya mwaka mmoja. Kisha nikamuuliza jambo ambalo Garissa sikuthubutu kumuuliza, kama siku ile kwenye benchi alikuwa anaiogopea pensheni.

"Bensheni?" alisema. "Mke yangu ana mbuzi."

Alikoroga chai iliyokwisha korogwa.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nafikiria wasichana. Kila moja aliyemaliza bale, cheti chake cha kumaliza shule kina sahihi yangu. Yule nesi ya Wajir. Yule anafundisha Mandera. Yule wa benki. Kama mimi ni mwizi wa cheti, siku moja mtu atakaa kwa meza, ashike karatasi ya msichana wa watu, aseme hii imewekwa sahihi na mwizi. Sasa yeye aanze kutafuta mashahidi. Mimi nilikuwa na watu Garissa yote. Yeye atabata wabi dalali wa ngamia?"

Mtu wa matairi alicheka, Mkuu naye akacheka, akaniambia nikimbie, dereva wangu anapiga honi. Nilimpa mkono na kupanda gari. Nilikuwa nimekaa miaka na mtu yule, nimemfokea, nimekula naye, nimemtetea vibaya mbele ya serikali, na sikuwa nimejua alichokuwa ameshikilia magotini siku ile. Nilijisikia mwepesi njia nzima. Kilichokuwa kinamtisha hakikutokea, na hakitatokea tena.

Asubuhi iliyofuata vyeti vya waliomaliza vilikuwa mezani vikinisubiri. Huwa naviwekea sahihi kimoja baada ya kingine huku nikizungumza kwa simu. Safari hii niliwaita wenyewe waje mmoja mmoja. Nilimsomea kila msichana jina lililoandikwa, nikamuuliza kama ni lake, na kama kuna mtu yeyote nyumbani anayemwita kwa jina jingine. Walicheka, wakanitajia majina yao ya utani, nikayaandika yote kwenye faili chini ya yale ya serikali, ndipo nikaweka sahihi.